Mawe ya Kantini: Kumuaga Ndugu Eugenia Bagenda wa Chumba cha Kompyuta

Enhe, tuendelee. Nilikuwa nimefika pale Ndugu Eugenia alipolisukuma jiwe mbele ya Meneja akamwambia, "Hili ni lako," mara nikaitwa nikaepue maharage. Kurudi, nakuta Antoni wa mashine ya kurudufu ameniandikia kwa penseli juu ya karatasi yangu: ANZA NA MIAKA. Haya Antoni, nimesikia. Jiwe lingoje kidogo.

Miaka ndiyo hii. Ndugu Eugenia Bagenda amelitumikia Shirika letu la pamba miaka ishirini na tisa, tangu Julai 1955, wakati huo hata halijaitwa Shirika, mpaka Jumamosi hii tarehe 30 Juni 1984, atakapokabidhi funguo za chumba cha kompyuta na kustaafu. Si mgonjwa, hajachoka, wala hajafukuzwa. Umri wa kustaafu umefika, basi.

Sasa mtauliza, kwa nini anaandika Teodora Malimi wa kantini, ambaye hata kusoma kajifunzia ukubwani kwenye kisomo, na Idara ya Utumishi ipo, ina mataipureta na makarani wa kukaa mbele yake? Idara iliandika. Tulisomewa kwenye mkutano wa wafanyakazi wiki iliyopita. Maneno mazuri mazuri, ukurasa mzima, halafu katikati hapo: "Mwaka 1980 alihamishiwa Nansio kwa sababu za kinidhamu." Nukta. Yaani mtu afanye yale aliyoyafanya mwaka ule, halafu watoto wake waje kwenye sherehe, na wajukuu, na padri wa parokia yake, wakae kwenye viti wasomewe nidhamu! Ukumbi ulinguruma. Mzee Mihayo, dereva wetu, alisimama na kofia yake mkononi akasema, "Hiyo haichapwi. Mkiichapa mtaisoma wenyewe kwa wenyewe." Ndugu Eugenia hakusema mengi. Alisema ikisomwa hiyo yeye haji, atabaki nyumbani ale ndizi zake. Ndipo ikaamuliwa aandike mtu aliyekuwepo mwaka ule. Nikasema mimi nilikuwepo. Tena si kuwepo tu, mimi ndiye nilikuwa saa. Mtaelewa mbele.

Kwa hiyo mjue tangu sasa: hapa tunagombea jina la mtu. Ama aondoke hapa kama mkaidi aliyeadhibiwa, ama aondoke kama mtu aliyekiokoa chumba cha kompyuta cha Mwanza kisifungwe. Mimi nimeshachagua upande. Bwana Utumishi naye achague wake.

Ndugu Eugenia ni wa Kamachumu, upande wa Bukoba, kwa wakulima wa kahawa. Kasomeshwa na masista. Alikuja Mwanza na meli, sanduku moja na mwavuli, akaajiriwa kupiga chapa. Mwaka 1962 wakampeleka Nairobi kujifunza mashine za kadi, zile kadi za kutobolewa matundu. Darasa zima wanaume, yeye peke yake mwanamke. Siku ya kwanza wakadhani ameletwa kupika chai. Akawapikia. Siku ya pili akawaambia, "Zamu yangu jana, leo ya nani?" Tangu siku hiyo wakapika kwa zamu, na yule aliyekuwa anacheka sana ndiye ilikuja kugundulika hajui hata kuwasha jiko. Haya ananihadithia mwenyewe kila mwaka, na kila mwaka chai inazidi kuwa mbaya.

Kompyuta yetu ililetwa mwaka 1972. Nayo tusingekuwa nayo kama ingechelewa, maana muda mfupi tu baadaye Serikali ikafunga mlango, kompyuta zisiingizwe tena nchini. Ikawekewa chumba chake na kiyoyozi, na chumba hicho ndicho kilikuwa mahali pa baridi kuliko pote Mwanza. Basi jamani, wakubwa! Kila mkubwa akawa na kazi ya haraka mle ndani kila ikifika saa saba mchana. Mhasibu mmoja, simtaji, bado yupo, alikutwa ameficha samaki, sato wawili, nyuma ya mashine ya kuchapa ili wasiharibike mpaka jioni. Ndugu Eugenia aliwatoa kwa mkia, akaja nao kantini gauni lake la gomesi linapepea, akaniambia, "Teodora, hawa kaanga, wapate kula wasichana wangu wa kadi." Wakaliwa. Mhasibu angedai nini?

Mkali, ndiyo. Ukimwamkia shikamoo anaitikia na swali lake juu: "Marahaba, kadi za Magu ziko wapi?" Lakini wasichana wa kutoboa kadi, ambao yeye ndiye kawafundisha wote, kuanzia Immaculata aliye mkubwa wao mpaka wa juzi, wanamwita mama. Mtoto wa mmoja wao akiugua, huyo mkali ndiye anakaa kwenye kiti chake anatoboa kadi mpaka mwenzie arudi kutoka hospitali.

Sasa tufike mwaka wa themanini.

Vita ilikuwa imeisha juzi juzi, kila kitu shida. Makao makuu wakasema msimu ule vijiji vyote vya upande wetu, Magu, Geita, Sengerema, Ukerewe, malipo yao ya pamba yatengenezwe na kompyuta yetu. Vyote. Na msimu uliotangulia, vijiji nusu ya hivyo, mashine ilikuwa imeshindwa! Wakulima walikuja mpaka hapa getini kuuliza, wengine wamelala kwenye vivuko njiani. Kwa hiyo makao makuu wakatuuliza swali dogo tu: mashine yenu itaweza au haitaweza? Kama haitaweza, kadi zote zipakiwe kwenye treni ziende Dar es Salaam, na chumba cha Mwanza kifungwe. Wasichana waende nyumbani. Kununua mashine nyingine haiwezekani, mlango umefungwa.

Swali dogo, lakini utalijibuje? Huwezi kungoja msimu ufike ndipo uone, pamba haingoji. Ndugu Eugenia alinieleza huku anamenya karanga zangu bila kuomba. Alisema inatakiwa kutengeneza mfano: kitu kingine kinachofanya kama mashine inavyofanya, ukakipa kazi, ukaona kinakwamia wapi kabla mashine yenyewe haijakwama. Nikamwambia basi tengenezeni. Akasema, "Ugomvi uko hapo. Tutengeneze kwa kutumia nini?"

Na ugomvi ulikuwepo kweli, maana kila mtu alikuwa na chombo chake.

Ndugu Cleophace, kijana wa watu mwenye miwani, alikuwa ndiyo kwanza amerudi masomoni ulaya. Yeye chombo chake kilikuwa penseli. Ana kanuni za hesabu za foleni: kazi zinaingia kwa kasi hii, zinatoka kwa kasi hii, gawanya, toa, jibu. Alimaliza asubuhi moja kabla ya chai. Jibu likasema mashine itaweza, tena itapata na muda wa kusinzia.

Meneja wetu wa wakati huo, Ndugu Chenge, alikuwa na chake. Alitoka na kitabu cha matangazo kina picha za rangi. Kumbe kule ulaya kuna programu kabisa ya kuiga kompyuta. Unawaandikia mashine yako ikoje, wao wanaiigiza kwenye mashine yao kubwa, wanakuletea jibu lina jalada gumu. Kizuri sana. Ila kilitaka kibali cha fedha za kigeni, na kilitaka mtu wa kusafiri nacho kwenda kueleza. Mtu huyo ni nani sitaji, ila Ndugu Chenge alikuwa ameshashonesha suti. Ndugu Eugenia akamwambia jibu hilo litafika pamba imeshakuwa mashati.

Cleophace akasema basi tuandike programu yetu wenyewe, tuiweke kwenye mashine yetu hii hii ijiigize. Ndugu Eugenia akamtazama. "Mashine tunaiuliza kama ina nafasi, halafu tuinyang'anye nafasi ili tuiulize?"

"Sasa Dada, wewe unataka chombo gani?"

"Nataka chombo nitakachokipa kazi za mwaka jana, kinirudishie mwaka jana. Kikinirudishia shida ile ile, nitakiamini kikiniambia ya mwaka huu. Hesabu yako ipe mwaka jana tuone."

Cleophace akakaa na penseli yake. Mwaka jana ukatoka umekwenda vizuri kabisa, hakuna aliyechelewa. Na sisi tuliokuwepo tulikuwa tumelia!

"Dada, hesabu haina kosa," akasema, anafuta miwani.

"Sijasema ina kosa. Haina Mwanza ndani yake, basi."

Sasa mjue wakati ule sukari ilikuwa ya kutafuta. Ikisikika imeshushwa kwenye duka la mkoa, watu wanapanga foleni tangu alfajiri. Na kwa kuwa watu wana kazi, unaweka jiwe lako kwenye mstari, unakwenda zako kazini, foleni ikisogea wenzako wanalisogeza. Kila jiwe lina mwenyewe. Mimi langu lilikuwa jeusi lina mstari mweupe, usingelisahau. Siku moja tumesimama pale, mimi na yeye, anayatazama yale mawe yanavyosogea, yanavyosimama, yanavyosongamana mlangoni. Akanishika mkono. "Teodora, hii ndiyo kompyuta yangu."

Nikajua jua limempiga. Nikamtafutia kivuli.

Kesho yake alimtuma Mzee Mihayo na landrova ufukweni, akaleta mawe karai zima. Tukaondoa sahani mezani kantini kwangu. Meza ya kwanza ikawa ile mashine inayomeza kadi, akakaa Immaculata. Meza ya pili ikawa kichwa chenyewe kinachofikiri, akakaa Cleophace, naye mwanzoni alikaa kwa shingo upande. Meza ya tatu mashine ya kuchapa, akakaa Mzee Mihayo. Kila jiwe kijiji: kijiji kikubwa jiwe kubwa, kidogo dogo. Na mimi nikapewa mfuniko wa sufuria na mwiko. Nikigonga mara moja, robo saa ya mashine imepita, kila meza inasogeza. Ndiyo maana nawaambia nilikuwa saa. Cleophace ndiye aliyesema kazi haziji kwa mpango kama askari, zinakuja kwa kubahatisha, kwa hiyo tutumie dadu za ludo za madereva: kila nikigonga, dadu inarushwa, ndiyo inaamua kama jiwe jipya linaingia. Ndugu Eugenia akampigia makofi. Mtu akisema la maana yeye haangalii miaka.

Tukaanza na mwaka jana, kama alivyotaka. Kaa! Mawe yalitembea kama yako kwenye gwaride. Immaculata anapokea, Cleophace anafikiri, Mihayo anachapa, vijiji vyote vimeisha, hakuna aliyechelewa. Sawasawa na penseli ya Cleophace. Cleophace akawa anajizuia kucheka, miguu inacheza chini ya meza.

Ndugu Eugenia akasema ni mashine ya kuchapa, hiyo ndiyo mchawi, miaka yote alikuwa anasema hivyo. Akamwamuru Mihayo achape polepole. Mihayo akachapa polepole mpaka akapitiwa na usingizi, lakini bado mwaka jana haukutoka. Basi akasimama mbele ya watu akasema wazi, "Mashine ya kuchapa nimeisingizia. Nimeisingizia miaka." Hilo nalo mliweke kwenye sifa zake. Wangapi mnawajua hapa ofisini wanaoweza kusema hivyo kwa sauti?

Ikafika siku nyingine, watu wamechoka, njaa inauma, na mimi ndiye saa kwa hiyo nani amepika? Hakuna. Ndipo mchezo ulipoharibika. Mzee Mihayo, kwa mazoea tu ya foleni ya sukari, akanyoosha mkono akalitoa jiwe nyuma akaliweka mbele.

"Mzee, unafanya nini?" Cleophace akauliza.

"Huyu mjomba wangu."

Watu wakacheka. Immaculata naye akaingiza lake katikati: "Jamani mwenzetu alikuwa hapa hapa, alikwenda kujisaidia!" Antoni akatoka mlangoni na jiwe mfukoni, anasema ana kimemo kutoka juu. Mawe yakaanza kupandana. Cleophace akasimama, miwani puani, anapiga kelele kwamba tumeharibu mfano, tuanze upya.

"Usiguse," Ndugu Eugenia akasema.

Cleophace akarudi kitini.

"Usiguse kitu. Nyie, mwaka jana ilikuwaje mle chumbani? Semeni. Immaculata, nani alikuwa anakuja?"

Immaculata akaangalia chini. Kisha akaanza, na akianza Immaculata si wa kumsimamisha. Anakuja msaidizi wa mkubwa fulani, anataka takwimu za hotuba, sasa hivi. Anakuja mwingine na orodha ya kamati. Anakuja mwingine, Ndugu Meneja amesema mumpitishie hii mara moja. Na ukipitisha ya mtu katikati, kile kijiji kilichokuwa kinaendelea unakitoa, karatasi unazitoa, tepu unazirudisha mwanzo, maana mashine yetu ukiikatiza haikumbuki ilipofika. Kijiji kinaanza upya. Kijiji kimoja cha Sengerema kilianzishwa upya mpaka msichana aliyekuwa zamu akawa analitamka jina lake usingizini.

Na kwenye hesabu za kazi hayo hayamo, maana hakuna aliyeyaandika. Ungeandikaje? "Nimesimamisha Sengerema kwa ajili ya bosi"? Cleophace angejuaje, yeye alikuwa ulaya. Na sisi tuliokuwepo tulikuwa tumeshazoea, hatukuyaona kuwa ni kazi. Hata Ndugu Eugenia! Mlango ni wake, na yeye alikuwa anadhani ni mashine ya kuchapa.

Wakachukua chaki, wakayapaka mawe kadhaa. Ya chaki ndiyo kazi za wakubwa. Dadu ikija sita, jiwe la chaki linaingia, linakwenda mbele moja kwa moja, na jiwe la kijiji lililokuwa mezani linarudi mwanzo kabisa. Nikaanza kugonga. Sasa haikuwa gwaride tena. Sengerema inafika mezani, inarudishwa. Inafika, inarudishwa. Nyuma yake Geita wanarundikana, na Ukerewe wala hawajaingia mlangoni, wako kwenye benchi. Mzee Mihayo akashika kichwa. "Mayu, mama yangu, ndiyo yenyewe! Ndiyo wale wale waliokuja getini!"

Vijiji vile vile, jamani. Vilivyochelewa mwaka jana, kwa utaratibu ule ule, viko juu ya meza yangu ya kukatia nyama. Nikasahau kugonga mfuniko. Mwaka jana ulikuwa umerudi.

Halafu wakayatoa ya chaki. Wakaongeza vijiji vyote vya mwaka ule, karai zima. Nikagonga mpaka mkono ukafa ganzi. Vyote vikapita. Mashine itaweza! Ila itaweza kama mawe ya chaki yatapanga mstari kama wengine.

Hapo ndipo Cleophace alipoingiwa na hofu, naye simlaumu, ana mke na kazi ni mpya. Akasema, "Dada, makao makuu wameuliza itaweza au haitaweza. Tuandike itaweza. Kwa nini tuandike na hiyo 'kwa nini' yake?"

"Kwa sababu bila hiyo kwa nini, haitaweza."

Sasa ndiyo tumefika kwenye jiwe. Ndugu Chenge aliitwa kantini, akaja na wasaidizi, akakuta halmashauri ya wafanyakazi imeshakaa. Wengine mnajua ilivyokuwa miaka ile, mfanyakazi alikuwa anaweza kusema. Ndugu Eugenia akamwonyesha mchezo wote tangu mwanzo, na mimi nagonga. Lilipoingia jiwe la chaki, akalichukua, akalisukuma mpaka mbele yake.

"Hili ni lako."

"Langu kivipi?"

"Ni orodha ya michango ya harusi ya binti yako. Siku hiyo ilitoka Sengerema ikaingia harusi."

Mtu alikohoa. Nadhani ni mimi.

"Na hilo lingine?"

"Hilo nalo ni lako. Kadi za mwaliko."

Ndugu Chenge akavua miwani. "Eugenia, unajua unaongea na nani?"

"Najua, Ndugu Meneja. Ndiyo maana nimekuwekea mbele, sikukuwekea nyuma."

"Unataka mimi nipange foleni kwenye ofisi yangu?"

"Ukija mapema hutakaa sana."

Akasema kompyuta si jikoni, mambo ya kitaalamu hayaamuliwi kwa mawe na mifuniko. Ndugu Eugenia akasema sawa, lete programu yenye jalada gumu, lakini nayo utaipa mwaka jana, na ili irudishe mwaka jana itabidi uwaandikie wazungu habari za harusi. Ukumbi ulilipuka. Mzee Mihayo alicheka mpaka akatoka nje. Halmashauri ikapiga kura palepale: mlango wa chumba ufungwe, kazi zote ziingie kwa dirisha moja, kila moja kwa zamu yake, ya nani isiulizwe. Mikono ilinyanyuka yote isipokuwa ya wasaidizi, na mmoja wao nilimwona kanyanyua kidogo chini ya meza.

Msimu ukaja. Vijiji vyote vikatoka kwa wakati, na Ukerewe nao humo humo. Getini hakuja mtu kulalamika, walikuja watu wawili wa Magu kuleta kuku wawili. Makao makuu wakaandika pongezi, zikapokelewa na Ndugu Chenge, akatuhutubia jinsi alivyoongoza. Chumba hakikufungwa. Na mara baada ya msimu, Ndugu Eugenia akahamishiwa Nansio, kisiwani Ukerewe, stoo ya magunia. Mkuu wa chumba cha kompyuta, akahesabu magunia!

Sasa Bwana Utumishi anaita hiyo sababu za kinidhamu. Tulikwenda gatini kumsindikiza, wasichana wote, wanalia. Yeye kwenye ngazi ya boti kageuka na gomesi lake, "Nyie mnalia, dirishani yuko nani?" Hakuna aliyekuwa dirishani. Walirudi mbio.

Alikaa kule miaka mitatu. Si kwamba alikuwa hana njia. Alitumiwa ujumbe kwa mdomo, na aliyeupeleka ni Mzee Mihayo mwenyewe, kwamba akiomba radhi kwa Meneja atarudishwa mara moja. Akamlisha Mihayo wali wa Ukerewe mpaka akashindwa kuinuka, halafu akampa jibu: mawe yako kantini kwa Teodora, anayedhani yamesema uongo akayapange upya. Jibu likafika. Karai nikaliweka wazi kabisa mlangoni, kila apitaye alione. Miaka mitatu, hakuna mkubwa hata mmoja aliyekuja kupanga. Kwa hiyo mimi nahesabu kwamba alishinda kesi kila siku ya miaka hiyo. Na kule Nansio nako hakulala, alikuta magunia yanatolewa kwa kujuana, akatengeneza dirisha. Waulizeni wa Nansio, mpaka leo wanamtumia machungwa.

Alirudi mwaka 1983, Ndugu Chenge alipohamishwa. Akamkuta Cleophace ameshaandika ile programu, ya mawe yetu kamili, na ya chaki yamo, anaiendesha Jumapili ambayo mashine haina kazi. Cleophace ndiye anayepokea funguo Jumamosi. Nimemuuliza juzi, siku hizi vyombo vya kuiga vimekuwa vingi, vinatangazwa kwenye majarida, anachaguaje? Akasema kila chombo anakipa kwanza mwaka ambao watu wake walilia, kama hakilii anakirudisha.

Ndiyo habari yenyewe, wala sikuongeza, labda kwenye kuku, inawezekana alikuwa mmoja. Neno kinidhamu likitaka kubaki libaki, lakini liandikwe vizuri: nidhamu ilikosekana, na wasiokuwa nayo ni wale waliokuwa wanakatiza Sengerema. Ndugu Eugenia aliileta. Na wasichana wanaotoboa kadi hapa Mwanza leo hii, na mishahara wanayowapelekea mama zao, waulizwe wao ni nani aliyewaokoa.

Dada Eugenia, asante. Asante kwa chumba, asante kwa wale sato, asante kwa kunifanya saa mbele ya watu. Kamachumu ikupokee na mvua za kutosha, ndizi zishuke mikungu ya kumshinda mbebaji, kahawa ichumwe na wajukuu wewe umekaa kwenye kiti unawagombeza. Usiumwe miguu. Usinyamaze, hasa hilo, ukinyamaza tutajua umeugua. Na tukisikia meli ya Bukoba imeleta mtu mwenye mwavuli na gomesi...

Immaculata ananivuta kanga. Antoni anaita toka chini, "Mama Malimi! Bwana Utumishi anapanda ngazi, anasema lazima aione kwanza kabla haijachapwa!" Ataiona Jumamosi, amekaa, na padri pembeni yake. Immaculata, pokea hii, ipige kwenye stensili hivi hivi ilivyo, usirekebishe hata nukta, pitia mlango wa jikoni. Antoni, wino umeshaweka? Zungusha.